Ndege yangu ya kamba hulegea ikifika juu ya utosi: kosa ni langu au ni hewa ya Nakuru?

#1 · FundiWaLanet

Hamjambo wanajukwaa. Kwa wasioifahamu, ndege ya kamba ni ndege ya mfano ambayo rubani wake husimama katikati ya duara ameshika mpini wenye kamba mbili, nayo humzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Akiinamisha mpini, kamba moja huvuta wenzo mdogo wa pembe tatu uliomo ndani ya bawa, wenzo husukuma waya, na waya huo hupinda eleveta, yaani kile kipande cha mkia kinachopandisha au kushusha pua. Hakuna rimoti. Ikiundwa vyema inapiga pindu, inaruka mgongo chini na kuchora namba nane hewani.

Yangu ya kwanza niliikata kwa foamu ya dari. Mabawa yana urefu wa sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 15, na uzito wote pamoja na betri ni gramu 240. Mota niliitoa kwenye droni iliyoharibika, wenzo nikaukata kutoka kifuniko cha mtungi wa lita 20, na waya wa mkia ni spoki ya baiskeli. Kamba ni ule uzi wa waashi wa rangi ya waridi, mita 12. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 6. Kitovu cha uzito kiko sentimita 5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, na kamba hutokea kwenye ncha ya bawa la ndani, sentimita 4 kutoka ukingo huo huo.

Ikienda usawa haina neno. Lakini kila ninapoipandisha ipite juu ya utosi wangu, mpini huwa mwepesi ghafla, kama mshipi ambao samaki amejichopoa, nami hubaki nikirudi kinyumenyume ili kuzikaza kamba. Jumamosi iliyopita ilianguka hatua tatu kutoka miguuni pangu na pua ikapasuka. Sasa nabuni ya pili. Je, nibadilishe bawa, uzito, mkia, au nikubali kwamba hewa ya Nakuru haifai mchezo huu?

#2 · WaKondele

Pole kwa pua. Jibu umelitaja mwenyewe: ni hewa. Hapa Kisumu tuko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyinyi mko karibu mita 1,850. Hewa yenu ni nyepesi, bawa linakosa cha kukanyaga na propela inakosa cha kusukuma. Yangu, ambayo vipimo vyake vinakaribiana sana na vyako, hupita juu ya utosi bila wasiwasi. Ilete huku Jumapili moja uone itakavyobadilika tabia.

#3 · MwalimuWaNjoro

Kwa heshima zote WaKondele, hewa inasingiziwa. Kwa joto la kawaida la asubuhi, hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa takriban asilimia 7 tu. Tena mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea mafuta kama injini ya methanoli, na wepesi ule ule unaopunguza msukumo wa propela hupunguza pia ukinzani unaoirudisha ndege nyuma, kwa hiyo kasi haibadiliki sana.

Tupige hesabu. Kinachokaza kamba ni mwendo wa kuzunguka, na kipimo chake ni kasi mara kasi, ukigawa kwa urefu wa kamba. Kwa kamba za mita 12, mzunguko mmoja una mita 75 na kitu, hivyo kwa sekunde 6 ndege yako inakwenda mita 12.6 kwa sekunde. Zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 12, unapata 13.2. Ndege inapokuwa chini, kiasi hicho chote ni cha kukaza kamba. Inapokuwa juu ya utosi, uzito wake unaivuta kuja kwako, nao unadai 9.8. Kinachosalia ni 3.4, ambacho kwa ndege ya gramu 240 ni sawa na kuning'iniza gramu 80 hivi kwenye kidole. Na hapo nimejifanya kwamba haikupunguza kasi ilipokuwa ikipanda, jambo ambalo si kweli. Ikipungua hadi mita 10.8 kwa sekunde, hakuna kinachosalia hata kidogo.

Ukifupisha kamba hadi mita 10 na kasi ikabaki ile ile, salio la utosini linapanda hadi karibu gramu 150. Anza hapo kabla ya kugusa kisu.

#4 · MzeeMbarika

Mwalimu ameeleza vizuri, ila nyinyi vijana mnapenda ndege nyepesi kupita kiasi. Niliwahi kuwa na injini ya sentimita 0.8 za ujazo, inayokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya mbarika, na harufu yake haikutoka kwenye shati langu mpaka shati lenyewe likaisha. Ndege ile ilikuwa nzito na ilivuta mkono kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ongeza uzito, hasa kwenye ncha ya bawa la nje, na kamba zitakaza.

#5 · MwalimuWaNjoro

Mzee, naomba nitenganishe mambo mawili. Ni kweli kwamba ikiwa chini, ndege nzito huvuta zaidi. Lakini kule utosini uzito uko pande zote mbili za mizani: ndio unaokaza na ndio unaolegeza, kwa hiyo kasi ambayo kamba hulegea ni moja kwa ndege ya gramu 100 na ya gramu 500. Kipande cha madini ya risasi kwenye ncha ya bawa la nje ni habari nyingine, nami ninakuunga mkono, kwa sababu bawa la ndani linabeba uzito wa kamba na linakwenda polepole kidogo kuliko la nje. Gramu chache zinatosha. Zikizidi, bawa la nje linaanguka kila unapopiga kona kali.

Uzito mkubwa una adhabu yake. Ukubwa wa pindu hautegemei kasi kama wengi wanavyodhani, unategemea gramu ambazo kila desimita ya mraba ya bawa imebebeshwa. FundiWaLanet amebebesha gramu 21. Kwa bawa la kawaida na hewa yetu, nusu kipenyo cha pindu lake dogo kabisa kinakaribia mita 5.4, yaani pindu zima lina kimo cha takriban mita 11. Katika mashindano ya kimataifa, daraja la F2B, yaani la sarakasi za ndege za kamba, pindu huanzia mita 1.5 kutoka ardhini na kuishia pale kamba zinapofika pembe ya nyuzi 45 na ardhi. Kwa kamba za mita 12 hapo ni mita 8.5 tu. Halitoshi. Akipunguza uzito hadi gramu 160 kwa bawa lile lile, pindu linakuwa karibu mita 7.

#6 · BintiWaSosiani

Nimesoma #1 mara mbili na nashangaa hakuna aliyeliona hili. Amesema kitovu cha uzito kiko sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele, na kamba hutokea sentimita 4. Maana yake kamba zinaivuta ndege mbele ya kitovu cha uzito. Chukua rula, itoboe tundu pembeni mwa katikati, uifunge uzi na kuizungusha: upande mfupi ndio utakaogeuka kuelekea mkono wako. Pua ya ndege hii inatazama ndani ya duara. Ikiwa chini hilo halionekani kwa sababu mvuto ni mkubwa, lakini juu, ambako mvuto umebaki gramu 80 za Mwalimu, inakuja kwa mwenyewe.

Matundu ya kamba yanapaswa kuwa nyuma ya kitovu cha uzito, mimi huweka sentimita 1 au zaidi kidogo. Na sentimita 5 kwa bawa la upana wa 15 ni theluthi nzima, jambo linaloifanya ndege iwe na kichaa kwenye pua. Sogeza betri mbele hadi kitovu kiwe kwenye sentimita 3.

Swali lingine kwa FundiWaLanet: je, hulegea pia ukiirusha mgongo chini? Ikilegea upande mmoja tu, bawa lako limepinda. Yangu ya pili, hapa Eldoret, ilinisumbua miezi miwili, kumbe niliiacha juani juu ya bati na bawa la nje likajikunja kwa unene wa kucha.

#7 · MvuviWaDunga

Mnapiga hesabu za mabawa na mnaisahau kamba! Uzi wa waashi ni mnene, una manyoya na unavutika. Mimi hutumia uzi wa kuvulia uliosukwa, si ule wa nailoni unaong'aa ambao hurefuka kama mpira hata ukiinamisha mpini ndege inapata habari kesho yake. Uzi uliosukwa wa unene wa milimita 0.3 unabeba ndege hii na abiria.

Kiunzi cha yangu ya kwanza kilikuwa cha mabua ya mafunjo, mepesi ajabu, yakiwa makavu. Ilikatika uzi mmoja ikaenda kutua kwenye magugu maji, na mafunjo yakanywa maji yote ya Nyanza kabla sijaifikia kwa mtumbwi.

#8 · WaKondele

Huyu ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye ndege yake iliokolewa kwa wavu. Bado nasema ni hewa.

#9 · MwalimuWaNjoro

MvuviWaDunga amenifanya nichukue kalamu tena, na matokeo yamenishangaza. Kamba mbili za mita 12 zenye unene wa milimita 1 zina eneo kubwa la kukinza upepo. Kweli sehemu iliyo karibu na mkono haiendi kasi, kwa hiyo ni robo tu ya eneo hilo inayohesabika kana kwamba iko kwenye ndege. Hata hivyo, robo hiyo inatoa ukinzani unaolingana na wa ndege nzima, pengine kuuzidi. Kwa maneno mengine, mota ya FundiWaLanet inaburuta ndege mbili, moja ya foamu na moja ya uzi wa waridi. Kwa uzi wa milimita 0.3 mzigo huo unapungua hadi chini ya theluthi.

Kwa hiyo #3 yangu haikukosea, ila iliishia njiani. Nilisema kasi ni ndogo bila kuuliza ni nani aliyeila.

#10 · KijanaWaMenengai

Asanteni kwa mjadala huu, najifunza. Nimesoma kwamba mchezo huu ulibuniwa na Jim Walker wa Oregon, Marekani, aliyeuza ndege yake ya Fireball na kuuita mfumo huo U-Control. Je, vipimo vyake si vingetufaa moja kwa moja badala ya kuhangaika? Na je, FundiWaLanet asiweke flapu, yaani vipande vya kupinda kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa, kama ndege ya Nobler ya George Aldrich ya miaka ya 1950?

#11 · MzeeMbarika

Walker ndiye aliyeueneza na kuchukua hataza, mjukuu wangu, lakini hakuwa wa kwanza. Oba St. Clair, naye wa Oregon, alikuwa akirusha ndege zenye wenzo na kamba tangu miaka ya 1930, na ushahidi huo ndio ulioiangusha hataza ya Walker mahakamani mwaka 1955 alipomshtaki mtengenezaji wa injini, Cox. Vipimo vya Fireball havitakusaidia. Ile ilikuwa ya injini ya petroli na mbao.

Flapu ni nzuri kwa ndege kubwa. Eleveta ikipanda, flapu hushuka, na bawa linapata nguvu ya kugeuka. Kwa ndege ya sentimita 75 ni bawaba, waya na gundi za kuongeza gramu ambazo Mwalimu ametukataza. Afadhali bawa nene lenye tumbo sawa juu na chini, unene wa asilimia 15 hadi 18 ya upana wake, na eleveta kubwa ya kutosha.

#12 · FundiWaLanet

Nashukuru sana. Natoa ripoti. Nimetengeneza ya pili kwa bawa lenye foamu nyembamba iliyokunjwa juu ya mbavu, badala ya lile bapa. Upana umekuwa sentimita 16, urefu ni ule ule, na uzito umeshuka hadi gramu 172. Kitovu cha uzito kiko sentimita 3.2, matundu ya kamba sentimita 4.5. Nimegandisha chubwi moja ya kuvulia ya gramu 5 kwenye ncha ya bawa la nje. Kamba ni uzi uliosukwa, mita 10.

Jana asubuhi mzunguko ulichukua sekunde 4.6. Niliipandisha nikiwa nimekunja magoti tayari kukimbia, lakini mpini ulibaki na uzito wake mpaka ikapita juu na kushuka upande wa pili. Nikarudia mara sita. BintiWaSosiani, mgongo chini pia haina shida.

Tatizo limebaki moja. Pindu la kawaida, pua ikielekea juu, linatoka duara safi. Nikipiga pindu la nje, yaani pua ikielekea chini kutoka juu, kamba hulegea robo ya kwanza ya pindu kisha zinakaza tena.

#13 · BintiWaSosiani

Hongera. Hilo la mwisho ni propela yenyewe. Kitu kinachozunguka kasi hakikubali kugeuzwa, ukikisukuma upande huu kinakwepa upande wa robo duara. Propela ya kawaida, inayozunguka kufuata saa ukiitazama kutoka nyuma, hupeleka pua nje ya duara unapovuta juu, na huileta ndani unaposukuma chini. Mota yako ni ya droni, na droni hutumia propela za aina mbili zinazozunguka kinyume. Badilishana waya mbili za mota, funga propela ya aina ya pili, na tabia hiyo itahamia kwenye pindu la kawaida, ambako huwa unaanza ukiwa na kasi ya kutosha.

#14 · MvuviWaDunga

Propela ya inchi 5 ina uzito wa gramu chache, sidhani kama ina nguvu hizo. Mimi nauliza upepo ulitoka wapi. Ukipiga mapindu upande unaokabili upepo, upepo unaisukuma ndege ije kwako. Mapindu hupigwa ukiupa upepo mgongo, ili uisukume ndege mbali nawe. Hapa ziwani, ikifika saa sita mchana upepo unatoka majini bila kukosa, na hata ndege nzuri inakuwa kishada.

#15 · FundiWaLanet

Kusema kweli sikuangalia upepo. Kulikuwa na vumbi likitoka upande wa Menengai, na mapindu ya nje niliyafanya nikiutazama mlima, ili nisikaribie nyaya za umeme zilizo upande wa pili.

#16 · MzeeMbarika

Hapo umefanya jambo la maana kuliko vipimo vyote vilivyoandikwa humu. Kamba yenye unyevu ikigusa nyaya za umeme, hakuna ripoti utakayotuletea. Tafuta uwanja mwingine kabisa.

#17 · MwalimuWaNjoro

Nafurahi imepita, lakini FundiWaLanet ametuharibia somo. Amebadilisha kamba, urefu wake, uzito, unene wa bawa, kitovu, matundu na chubwi kwa siku moja. Mimi nitasema ni urefu wa kamba, MvuviWaDunga atasema ni uzi wake, BintiWaSosiani atasema ni matundu, na MzeeMbarika anatabasamu kwa sababu ya chubwi. Hakuna anayeweza kumbishia mwenzake.

#18 · WaKondele

Nami naona hewa ilikuwa nzito zaidi jana asubuhi. Kulikuwa na baridi.

#19 · MwalimuWaNjoro

Cha kuudhi ni kwamba kwa hilo la baridi yuko sahihi. Kila nyuzi 3 za joto zikishuka, hewa inakuwa nzito kwa asilimia 1 hivi.

#20 · FundiWaLanet

Basi Jumamosi nitarudisha uzi wa waashi peke yake, mita 10, mengine yakae yalivyo, nipime sekunde za mzunguko kisha niipandishe. Ikilegea tutajua uzi una hatia. Nikimaliza, nitarudisha uzi uliosukwa na kusogeza matundu hadi sentimita 3. Propela ya kinyume ninayo kwenye droja.

#21 · MvuviWaDunga

Anza kabla ya saa tatu asubuhi, upepo haujaamka. Na uje na pua ya akiba.